Mshiriki wa Mia na Kumi na Saba

Umri: sabini na moja. Makazi: Barka.
Shinikizo la damu: ndiyo, mwaka wa kumi na tisa huu.
Sukari: ndiyo. Lehemu: imepanda.
Tumbaku: hapana,
ila marehemu mumewe alivuta kwa niaba ya wawili.
Hayo ya marehemu hayana kisanduku,
nimeyaandika pembeni kwa penseli.

Kiharusi: cha pili. Jumatatu, baada ya alfajiri,
finjani ikamponyoka mkono wa kulia
na maneno yakamwagika pamoja na kahawa.
Usemi: sifuri.

Sifuri kaitia daktari wa zamu,
kijana mpole, mtu wa Sur, simlaumu.
Alimwambia kwa Kiarabu: hesabu mpaka kumi.
Bi Thuwaiba akamkodolea macho
kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.

Nje, Al-Khoudh, nyuzi arobaini na sita,
magari yanatokota uwanjani kama sufuria zilizosahauliwa.
Ndani, chumba cha MRI kina baridi ya bucha.
Nimemvua bangili, nimemvua kipini,
nimemfunika blanketi hadi kidevuni.
Mashine ikaanza: ko-ko-ko-ko, kimya, ngurumo,
kama fundi bati anayedai ujira wake.

Kwenye skrini kichwa kikafunguka ganda kwa ganda.
Nimeshaona mia na kumi na sita kabla ya hiki.
Najua madoa meupe yanavyojikusanya
kando ya vyumba vya maji vya ubongo,
kama chumvi inayochomoza ukutani:
unapaka rangi kila Idi, na chumvi inarudi.
Profesa huyahesabu, huyapima
kwa miaka ya shinikizo, kwa sukari ya asubuhi,
na wageni wakija huwachorea falaji:
maji, mfereji, tope, mtende uliokosa zamu.
Mfano mzuri. Wageni hutikisa vichwa.
Ila falaji ikiziba
kijiji kizima hushuka na majembe.

Kushoto, panapokaa usemi,
doa jipya linang'aa, ukubwa wa kokwa ya tende.

Nikabonyeza kipaza sauti nimwambie asitikisike.
Sijui kwa nini Kiarabu kilinikwama.
Kikatoka kile cha jikoni,
alichorudi nacho mama kutoka Wete
akanikataza nisikipeleke shule:
"Bado kidogo, bibi. Tulia hivyo hivyo."

Kimya. Kisha sauti nzito, imepinda upande mmoja:
"Moja. Mbili. Tatu."
Nne akairuka.
"Tano. Wewe... mtoto wa nani?"

Picha zote za mfululizo wa sita zikaharibika.
Bi Thuwaiba alikuwa amegeuza kichwa
kunitafuta.

Kwenye fomu, Lugha ina visanduku viwili,
hicho chetu hakimo.
Sifuri ya daktari sina ruhusa ya kuifuta.
Nikachonga penseli:
*Anahesabu. Ameruka nne. Ameuliza ukoo.*
Profesa akasoma, akavua miwani, akaivaa.
"Tutalizungumza Jumapili, Muhanna."
Jumapili tulizungumza bajeti.

Usiku ule, zamu imekwisha, korido tupu,
nilijifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia.
Mia na hamsini na nane, juu ya tisini na saba.
Nikavuta pumzi, nikapima tena.
Nikapima wa kushoto, labda una huruma.
Nina miaka thelathini na minane,
na mezani kuna bakuli alilonifungia mama,
wali, na papa mkavu aliyekolea.

Nikampigia.
"Mama, papa huyu unamtia chumvi kiasi gani?"
"Kiasi cha mkono," akasema.
"Kwani wewe huna mkono?"